Ngome ya Udongo Alikoangukia Kaka

Baba alipofika Guangzhou, kitu cha kwanza alichokikataa ni kikombe cha maji ya moto nilichompa pale uwanja wa ndege. Cha pili kilikuwa kaka yangu.

Kaka alikuwa juu ya kabati langu la nguo, ndani ya kisanduku cha mbao kilichofungwa kitambaa cha manjano. Alikaa pale tangu ile miaka ya kufungiwa kwa ajili ya korona, ndege ziliposimama na maiti hazikuweza kusafirishwa kwenda kokote. Niliishi naye hivyo, chumba kimoja, ghorofa ya juu mtaa wa Dengfeng, na kila nilipovuta blauzi asubuhi nikakigusa kile kisanduku nilimwambia samahani. Siku hiyo nilimshusha, nikamweka mezani mbele ya baba, nikafungua kitambaa.

"Hiki ni nini?"

"Ni kaka, Baba."

Alikitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Mimi nimekuja kuchukua mtoto," akasema. "Haya ni majivu. Majivu hata jikoni kwa mama yako yapo."

Nilikasirika. Mimi si mtu mpole, na wanaonijua huku mtaani kwetu Xiaobei watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Nikamwambia hakuna kingine cha kumpa, kwamba achukue hicho au arudi mikono mitupu. Jirani yangu, mama mfanyabiashara kutoka Lubumbashi aliyekuwa ameleta sahani ya samaki kumkaribisha mgeni, akajaribu kutuokoa.

"Papa, iko yeye tu," alisema. "Faut accepter, ukubali tu. Mungu anajua mifupa yake."

Baba akamshukuru kwa samaki.

Siyo kwamba alikuwa mkaidi tu. Kwetu Kilimanjaro mtu huzikwa kwenye kihamba, ndani ya migomba ya baba yake, na anazikwa yeye, na mwili wake, watu wakimwona. Habari za kifo cha kaka zilipofika nyumbani, mama alitandika godoro chini sebuleni kama desturi ya msiba, akalala hapo. Wazee wa ukoo wakakubali kwa simu kwamba achomwe, maana hapakuwa na njia nyingine. Baba hakusema ndiyo wala hapana, alikata simu. Basi mazishi hayakuwapo. Na kwa kuwa hayakuwapo, matanga hayakuanuliwa, na mama hakurudi kitandani. Miaka yote ile mama alikuwa analala sakafuni. Mipaka ilipofunguliwa baba alisingizia goti, kisha pasipoti, kisha kahawa haijavunwa. Mwishoni mama ndiye aliyemfukuza nyumbani kwa maneno aliyokataa kunieleza.

Hivyo nilijua uzito wa jambo hili. Kama baba angerudi bila kitu ambacho moyo wake unakikubali kuwa ni mtoto wake, mama angefia kwenye lile godoro.

"Nipeleke alipofia," baba akasema baada ya kula. "Nikapaone."

Kaka alikuwa mtu wa mikoba. Mimi kazi yangu ni kuwaongoza wateja: nawapeleka Zhanqian kwenye maghorofa ya nguo za jumla, nawapeleka Pazhou wakati wa maonyesho, nawabishania bei. Yeye hakutaka kubishana na watu wa mjini. Alikuwa na kiwanda chake kimoja cha mikoba ya kike, mashambani kaskazini mwa jiji, kijiji ambacho watu wote ni wa ukoo mmoja na jina moja. Mwenye kiwanda alimpenda. Huku kila bosi tunamwita laoban, na huyu tulimwita hivyo hivyo, hata kaka alipokuwa akinisimulia kwamba wamekunywa wakaimba.

Katika ile miezi mibaya kaka alirudi chumbani kwake mjini akakuta mwenye nyumba amebadilisha kufuli. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa amekosa kulipa. Alikuwa mweusi tu, na watu walikuwa na hofu. Mimi nilikuwa nimefungiwa ndani ya jengo langu, siwezi kutoka wala kumwingiza mtu. Laoban ndiye aliyemfuata kwa gari la mizigo akampa kona kwenye stoo, kati ya maboksi. Stoo ilinuka gundi hata machozi yakamtoka. Kwa hiyo jioni, na siku nyingine mchana, kaka alipanda kilimani nyuma ya kijiji, kwenye mabaki ya ngome ya zamani, akakaa huko kupata hewa. Alinitumia picha. Siku moja mvua kubwa ilimkuta huko, akajibanza chini ya kipande cha ukuta kilichobaki, na ukuta ukalewa maji ukamwangukia.

Laoban alinipigia simu mwenyewe. Nilichokiona mimi ni picha ya kitambaa cheupe kwenye simu. Wiki kadhaa baadaye mtu aliyevaa nguo za plastiki toka kichwani hadi miguuni alinikabidhi kisanduku langoni, nikatia saini, akaniomba maji ya kunawa.

Tulikwenda mimi na baba kwa teksi ya kukodi. Kisanduku nilikiweka kwenye mkoba wa mgongoni. Sikutaka kumwacha peke yake siku ambayo sote tunakwenda kwake. Baba aliona ninavyokibeba, akageuza uso dirishani. Njia nzima ilikuwa madaraja juu ya madaraja, kisha magodauni, kisha mashamba ya mboga yaliyofunikwa nailoni.

Laoban alitupokea mlangoni mwa kiwanda amevaa shati jeupe, nywele amezichana. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akasema maneno mengi. Nilimtafsiria baba kwamba anasema pole na anasema kosa ni lake, angemkataza kwenda kule.

"Mwambie ukuta hauna mwenyewe," baba akajibu. Nadhani lilikuwa jambo la upole kuliko yote aliyosema tangu atue.

Kilima chenyewe si kirefu. Ukikiona kutoka barabarani huwezi kujua kwamba ni kazi ya mikono. Kimeota miti ya yale matunda yenye ganda jekundu, jamii ya shokishoki, na nyasi zinazokata. Lakini ukianza kupanda unashuka kwanza. Kuna handaki limezunguka kilima chote, limejaa majani na maji ya kijani. Ukitoka handakini unapanda tuta refu la udongo, na juu ya tuta ndipo ulipokuwa ukuta. Laoban alisema mababu zake waliujenga karne nyingi zilizopita, majambazi walipokuwa wakishuka kutoka milimani kuchukua mpunga na wasichana. Waliuchanganya udongo na chokaa, uji wa mchele unaonata na sukari guru, wakaushindilia kwa nguzo tabaka juu ya tabaka. Kengele ikilia, kijiji kizima kiliingia ndani na nguruwe wao na kulifunga lango. Sasa limebaki jiwe la kizingiti, vipande viwili vya ukuta, na hilo tuta.

Baba alisimama handakini, na goti lake bovu, akalitazama juu na chini.

"Hili boma," akasema. "Walikuwa na hofu kubwa hawa."

Kule nyumbani, mteremkoni chini ya nyumba yetu, kuna handaki kama hilo, fupi zaidi, walilochimba wazee wa kwetu kuwazuia wateka ng'ombe. Sisi tulilitumia kama njia ya mkato kwenda shule. Kaka alikuwa akinisubiri ndani yake anirushie maganda ya ndizi. Nilidhani kwamba nalifikiria peke yangu, kumbe baba naye alikuwa hukohuko, maana alisema, "Ndiyo maana alipenda kuja hapa." Kisha akapanda tuta bila kushikwa mkono.

Mahali ukuta ulipoanguka pako wazi hadi leo, pengo pana, udongo umemwagika kuelekea ndani na nyasi zimeanza kuuotea. Laoban akaonyesha kwa kidole akabaki nyuma, akawasha sigara. Mimi na baba tukaenda. Na pale katikati ya pengo, penye udongo uliomwagika, palikuwa na mtungi.

Ulikuwa mtungi wa kahawia unaong'aa, wa kufika magotini, una kifuniko. Mpya kabisa. Mbele yake kopo la mchanga limejaa vijiti vya ubani vilivyoungua, na kando, juu ya jani, machungwa mawili ambayo hayajanyauka.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halisemwi mbele ya mchungaji. Zamani, kabla ya dini, mtu wa kwetu akishazikwa miaka ikapita alifukuliwa, fuvu lake likawekwa ndani ya chungu au chini ya jiwe kwenye migomba, pamoja na ya waliomtangulia. Hapo ndipo alipohesabiwa kuwa amefika. Baba aliyaona mambo hayo kwa macho yake akiwa mdogo. Baadaye akawa mzee wa kanisa na hakuyataja tena, lakini hakuyasahau, kwa sababu alipouona ule mtungi alipiga magoti hapohapo kwenye udongo, na lile goti ambalo lilikuwa halikunjiki likakunjika.

"Wamemtunza," akasema. "Hawa ni watu."

"Baba, sidhani..."

Alikuwa ameshafunua.

Ndani ilikuwa mifupa, imepangwa vizuri kana kwamba mtu ameketi, miguu chini na fuvu juu kabisa. Taya lilikuwapo na meno. Na meno yalikuwa ya kahawia.

Sisi watu wa mteremko ule wa Kilimanjaro tunajulikana kwa meno. Maji ya kwetu yana madini, mtoto akikulia kwayo meno yake yanaota rangi, na hakuna mswaki unaoitoa. Kaka alikuwa nayo hasa. Wafanyabiashara wenzake walimtania kwamba anatafuna kahawa mbichi. Baba alinyoosha kidole, akaligusa jino la mbele, kidogo tu, kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala ukiogopa asiamke.

"Ni yeye. Tazama mwenyewe. Nilikuambia yale ni majivu tu."

Na mimi niliamini. Nataka niseme wazi, kwa sababu nimewahi kulisimulia jambo hili nikijifanya mwerevu. Niliamini kabisa. Sikuwa nimeona moto wowote. Nilikuwa nimeona kitambaa na mtu wa plastiki. Ningejuaje kama kijiji hakikumficha, kikamzika kiungwana, kikanitumia vumbi la nani sijui? Nilifurahi. Kaka alikuwa na mifupa, mama angepanda kitandani. Nilifurahi hata nikacheka kwa sauti.

Laoban alipiga ukelele. Alitupa sigara akaja anakimbia na mikono juu, uso umemwiva, anasema maneno ya kijijini kwao ambayo mimi siyajui, kisha akakumbuka Kichina ninachokielewa. Huyo ni baba mkwe wa mama mmoja aliyeolewa ukooni mwao, ambaye yeye humwita shangazi, alisema. Ni mzee aliyekufa wakati laoban mwenyewe hajazaliwa. Mifupa ikikaa sana hugeuka rangi, ndivyo ilivyo. Mitungi ya wazee imepangwa tangu zamani chini ya kuta za ngome, na kipande kile kilipoanguka siku ile kilivunja mtungi wa huyu mmoja. Shangazi akanunua mtungi mwingine.

Nilimtafsiria baba. Sikupunguza neno, nilihofu kwamba nikipunguza ataendelea kutumaini. Alikuwa bado ameshika kifuniko.

Tukamsikia shangazi mwenyewe akipanda, anahema, kikapu mkononi. Alikuwa mama mfupi mwenye umri sawa na baba au zaidi, kofia pana ya majani kichwani. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Badala yake alimnyang'anya baba kifuniko taratibu, akainama kwenye mtungi, akaongea ndani yake muda mrefu, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeomba radhi kwa mzee kwa ajili ya kelele za wageni. Kisha akafunika.

Baba alikaa chini. Sijawahi kumwona baba amekaa chini mahali pasipo na mkeka. Nikaona amekuwa mdogo, koti limemzidi, na badala ya kumhurumia hasira ikanipanda upya. Nikavua mkoba, nikatoa kisanduku, nikakiweka kwenye udongo. Nikamgeukia laoban, kwa Kichina, nikamwambia: baba yake hamtaki, mimi nimechoka kuishi na maiti kabatini, basi mnunulieni mtungi mmtie, akae hapa na wazee wenu, si ndipo alipokufa.

Laoban aliangalia viatu vyake. Alimuuliza shangazi, nadhani kwa heshima tu, maana jibu alilijua. Shangazi alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Hapa ni pa watu wa jina letu, laoban akasema. Hata mabinti zetu wanaoolewa nje hawalali hapa. Samahani sana.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Nimewaomba wamweke hapa. Wamekataa. Wanasema ni pa ukoo wao."

"Sawasawa," baba akasema. "Hata mimi ningekataa."

Shangazi alikuwa amekiona kisanduku. Aliuliza kama ni yule mgeni, na laoban alipomjibu kwamba ndiye, alishusha pumzi, akatoa machungwa mawili mapya kwenye kikapu na kuyaondoa ya zamani. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba ubani ulikuwa wa mkwe wake, lakini machungwa yalikuwa ya kaka. Alikuwa akimletea tangu alipokufa. Baba alipoelewa, macho yake yalilainika, akataka kunyanyuka amshukuru. Basi yule mama akaeleza sababu. Mtu akifa nje ya kwao, bila ndugu wa kumwita, hubaki palepale na njaa yake. Asipolishwa huingia kijijini. Mwaka wa kwanza bata wake walikufa, na miti ile ikatoa maua bila matunda, ndipo akaanza kupandisha machungwa.

"Mwanangu hakuwa mtu wa kuua bata wa watu," baba akasema.

Sikulitafsiri hilo.

"Mchukueni," mama yule akasema, na alikuwa anatusihi, mikono ameikutanisha. "Nimezeeka, kilima kinanishinda. Mimi nikifa hakuna atakayemletea. Mchukueni aende kwao."

Laoban alinitafsiria polepole jinsi inavyofanywa. Lazima aitwe na mtu wa damu yake, mkubwa kwake, mahali hasa alipoangukia. Aitwe kwa jina analolijua. Uchukuliwe udongo wa pale. Halafu njiani asiachwe apotee; kwenye kila daraja aambiwe kwamba sasa tunavuka, maana aliyekufa haoni njia juu ya maji. Nikamweleza baba. Nilijua atasema ni ushenzi, kwa kuwa ameshawafungia watu meza ya Bwana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Upepo ulikuwa umeanza, wingu linajikusanya upande wa jiji.

Kisha akavua kofia, akaiweka chini, akaita. Hakuita jina la ubatizo. Aliita lile la nyumbani, alilopewa na babu, ambalo Guangzhou yote hakuna aliyelijua isipokuwa mimi. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka kubwa, ile aliyokuwa akituitia tukiwa ng'ambo ya bonde na giza linaingia, na ndege wakaruka kwenye miti.

"Inuka," akasema kwa Kichagga. "Ni mimi. Nimechelewa. Twende, mama yako anakusubiri."

Alikwangua udongo kwa vidole. Ulikuwa mgumu, ule udongo wa uji na sukari, ilibidi aupige kwa kipande cha jiwe hata kucha zikatoka damu, na hakutaka nimsaidie. Akafungua kisanduku, yeye mwenyewe, akautia humo juu ya majivu. Akafunga kitambaa. Hakunirudishia, alikikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na tulipoanza kushuka alikuwa anatazama anapokanyaga kama mama mwenye mtoto mchanga.

Pale kwenye kizingiti shangazi alinishika mkono. Aliniuliza kitu huku akinitazama usoni. Laoban hakutaka kukitafsiri, nikamlazimisha.

"Anasema huyu amekuja kuitwa na baba yake. Anauliza wewe atakuita nani."

Baba alikuwa ametusikia tunazungumza. "Anataka nini tena?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini siku ile nilikuwa nimetafsiri mabaya mengi, sikuona kwa nini langu liachwe. Nikamwambia. Baba alisimama kidogo na kisanduku chake, akaliangalia handaki.

"Twende," akasema, "mvua inakuja."

Barabara nzima ya kurudi mjini alizungumza na kisanduku. Kila daraja: tunavuka, mwanangu, tuko juu ya maji, usibaki nyuma. Huku hata barabara zisizo na mto zinapita juu ya nyingine, na yeye hakutofautisha; zote alizitangaza. Dereva alinitazama kwenye kioo. Nikamwambia baba yangu anasali, na kwa kweli sikuwa nasema uongo. Kwangu mimi hakusema neno.

Waliondoka siku chache baadaye, yeye na kaka. Mimi sikuweza kwenda kuzika. Pasipoti yangu ilikuwa imeshikiliwa ofisini kwa ajili ya kibali cha kuishi huku, na ukiondoka bila kibali hurudi, na mimi sina pengine pa kurudi. Niliolewa nyumbani nikaachika. Kwa mume si kwangu tena. Na kwa baba, kama unavyojua ukikulia kule, vihamba hugawiwa wavulana. Msichana hupewa baraka na kitenge.

Simu ilinikuta Zhanqian, ghorofa ya suruali za jinzi, nikiwa na wateja wawili wa Kigoma waliokuwa wakipekua mizigo. Baba alisema wamemzika kaka jana. Watu walikuwa wengi. Mchungaji alisita alipoona kisanduku, akaambiwa azike, akazika. Mama alilia mpaka akachoka, kisha akalikunja godoro mwenyewe, akalala kitandani, na alikuwa bado amelala mpaka saa hizi.

Nikasema Mungu ashukuriwe. Nilidhani amemaliza.

"Yule mama wa kule kwenye boma aliuliza swali," baba akasema.

"Achana nalo, Baba."

"Nisikilize. Pembeni ya kaka yako nimeacha nafasi. Nimepanda masale kuizunguka. Wajomba na baba zako wadogo wamesema maneno mengi, waache waseme. Mimi huenda nisiwepo wa kukuita, lakini masale yatakuwepo, na watakaoletewa wewe watajua pa kukuweka."

Masale ndiyo majani tunayopandia mipaka kwetu. Yakishapandwa, hakuna mtu wa Kilimanjaro atakayethubutu kuyang'oa, hata awe na hati ya serikali. Nilimwambia asante. Nilisema kwa heshima, kama inavyotakiwa, nikasubiri akate simu kwanza. Kisha nikakaa juu ya furushi la suruali katikati ya njia nikalia kwa sauti mbele ya wateja wangu, mwanamke mzima, kwa kuwa baba yangu alikuwa amenipa ardhi, na ilikuwa inanitosha nikiwa nimelala tu.